Pacha wangu hawasalimu wageni, na sasa mama mkwe ataka kumchukua mmoja

Kwako Shangazi,

Pokea salamu zangu kutoka Donholm, Nairobi. Mimi ni mama wa pacha, mvulana na msichana, wanaotimiza miaka mitano Desemba hii. Kwetu ni Majengo, Mombasa, lakini mume wangu ni Mjaluo wa Siaya, kwa hivyo walipozaliwa suala la majina halikuwa na mjadala. Aliyetangulia akaitwa Opiyo, aliyefuata Adongo. Wako PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, katika shule moja ya kibinafsi hapa mtaani, darasa moja, dawati moja.

Kinachoninyima usingizi ni adabu. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo mtoto haingii chumba cha mtu bila hodi, hapiti mbele ya wakubwa bila kuinama kidogo, wala hagusi chakula kabla mkubwa hajatia mkono kwenye sinia. Asubuhi tulianza na shikamoo kabla ya kuuliza chai iko wapi. Sitarajii Nairobi iwe Majengo, ila nilitarajia angalau wanangu wajue kusalimu.

Hawasalimu. Mgeni akiingia, Adongo hujificha nyuma ya kochi, naye Opiyo humtazama mgeni juu hadi chini kisha amuulize, "Umetuletea nini?" Nikimwambia Adongo aje asalimie, Opiyo ndiye hujibu: "Yeye hataki." Nikimuuliza Adongo kama anataka uji au maziwa, jibu linatoka kwa Opiyo. Wana maneno yao wenyewe tusiyoyaelewa, na wakianza kuyasema mezani huku wakicheka, mgeni hudhani anasengenywa. "Tafadhali" na "asante" mwalimu anasema huzisikia shuleni. Nyumbani ni "nipe" na "leta".

Anayeumia zaidi ni yaya wetu, msichana mtaratibu kutoka Vihiga. Tuliwafundisha wamwite Anti, lakini humwita kwa jina kavu, na juzi nilimsikia Opiyo akimwambia, "We, toa hii sahani." Shangazi, ile sauti ilikuwa ya mtu mzima kabisa.

Mambo yalifika kilele siku chama chetu kilipokutana kwangu. Nilikuwa nimepika pilau na kutengeneza juisi ya ukwaju. Kwangu watu huvua viatu mlangoni, na miongoni mwa wageni alikuwa mweka hazina wetu, mama wa umri wa mama yangu. Tukiwa katikati ya kuhesabu michango nikasikia kicheko huko mlangoni. Nilipotoka nilikuta jagi tupu, na juisi yote iliyokuwa imebaki imemiminwa ndani ya kiatu cha yule mama, kiatu cha ngozi cheusi, kimoja, kimejaa hadi ukingoni. Pacha wamechuchumaa kando yake wakitazama kama kitavuja.

Nikauliza ni nani. Opiyo akasema Adongo. Adongo akasema Opiyo. Kisha wakatazamana wakacheka. Niliwachapa wote wawili kwa kandambili palepale wageni wakitazama, kwa sababu kwetu mkosaji asipojitaja wote huadhibiwa, na sote tulikua hivyo. Opiyo alilia, akasema "pole, mama," kabla sijamaliza, na baada ya muda mfupi alikuwa anacheza. Adongo hakulia wala hakuomba msamaha. Hadi jioni hakusema na mtu. Na tangu siku hiyo nikimwambia "sema pole", hata kwa jambo dogo, anaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mume wangu alimsimulia mama yake kwa simu. Mama mkwe ameamua kwamba shida ni kuwa wako wawili, wanatiana ujinga, na dawa ni kuwatenganisha. Likizo ya Agosti anataka kuja amchukue Adongo akae naye Siaya, asome huko mwaka mmoja au miwili mpaka anyooke. Aliniambia, "Samaki mkunje angali mbichi," na alisema kwa Kiswahili ili nimwelewe sawasawa. Ni mwanamke mwema, Shangazi. Amelea watoto saba na wote wana heshima, na mume wangu ni mmoja wao.

Mume wangu asema hawa ni watoto tu, wataacha. Lakini pia hamkatalii mama yake. Mama yangu mzazi asema mtoto asitoke nyumbani, ila niongeze kiboko. Mwalimu wao naye apendekeza kwamba Januari wakiingia PP2 kila mmoja awekwe mkondo wake.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Usiku, nikiwa nimechoka, hujikuta nikiwaza jinsi nyumba itakavyotulia Adongo akienda. Kisha namtazama amelala na machozi yananitoka.

Nikubali aende? Na wakibaki, nawafunzaje adabu watoto wawili wanaofundishana utundu? Halafu niambie, nitamkataliaje mama mkwe bila kumvunjia heshima, mimi ambaye kilio changu chote ni heshima?

Mama Pacha, Donholm

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu Mama Pacha,

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unauliza kama Adongo aende Siaya, na unauliza namna ya kuwafunza wote wawili. Nitaanza na hili la kuwafunza, kwa sababu nadhani ukilitazama kwa karibu, lile la Siaya nalo litabadilika sura.

Katika barua yako umeandika "hawasalimu" na "wanaofundishana". Lakini ulipoanza kunieleza mambo yenyewe yalivyo, mimi nimeona watoto wawili tofauti kabisa. Opiyo hana woga, ana ulimi mwepesi, anasema kila kinachomjia, na bado hajajua kuwapa wengine nafasi. Adongo anaogopa nyuso ngeni na amezoea kusemewa. Wa kwanza anahitaji kufundishwa kujizuia na wa pili anahitaji kusaidiwa kujitokeza. Ukiwapa somo moja kwa sauti moja, mmoja halitamfikia na mwingine litamzidi.

Pacha wa kike na wa kiume hutokana na mayai mawili tofauti. Kwa damu hawakaribiani kuliko ndugu wengine wowote wa baba mmoja na mama mmoja. Kama Adongo angezaliwa miaka miwili baada ya kaka yake, usingeshangaa kwamba mmoja ni mchangamfu na mwenzake ni mpole. Kuzaliwa siku moja kunatufanya tungoje wafanane, na wasipofanana tunadhani mmoja amekataa.

Hebu tulitazame lile la kujificha nyuma ya kochi. Wewe umeliita utovu wa adabu. Kwangu linaonekana zaidi kama aibu ya mtoto mdogo, na aibu haiondoki kwa kuvutwa mkono mbele ya mgeni. Jaribu kumpa salamu anayoiweza. Apunge mkono. Au, kwa kuwa wewe ni mtu wa Pwani na mgeni kwako hunawishwa, mpe Adongo kazi ya kumletea mgeni taulo la mkono. Mgeni atamwambia "asante, mwanangu", naye atakuwa amekaribisha bila kusimamishwa katikati ya sebule kama shahidi mahakamani. Maneno yatafuata akishazoea. Wengine watakuambia hivyo ni kumdekeza. Inaweza kuwa, ukiishia hapo. Ukiona zinapita wiki nyingi hasogei hata hatua, basi tutazame upya.

Kisha mfanye mazoezi siku ambazo hakuna mgeni. Mmoja atoke nje ya mlango apige hodi, wa ndani aitikie "karibu", asalimie, amwoneshe kiti. Halafu wabadilishane. Watoto wa umri huo hupenda mchezo wa kuigiza kuliko maagizo, na katika mchezo Opiyo hataweza kumjibia Adongo kwa sababu kila mmoja ana zamu yake.

Kuhusu Opiyo na "Umetuletea nini?", hilo swali hakulitoa hewani. Hapa Nairobi mgeni haji mikono mitupu. Huja na mkate, maziwa, matunda, pengine sukari. Mara ngapi watoto wameona mfuko ukipokelewa mlangoni kwanza, tena kwa furaha, na salamu zikafuata baadaye? Yeye anasema kwa sauti kile alichokiona. Anaweza kuelezwa vizuri tu kwamba mtu husalimiwa kabla ya mfuko, na nyinyi wakubwa mkafanya hivyo akiwatazama.

Sasa lugha yao. Watoto pacha kwa kawaida huchelewa kidogo kusema kuliko watoto waliozaliwa peke yao. Wengi wao huzaliwa kabla ya wakati, na hata waliotimiza miezi yao hugawana mazungumzo ya mzazi mmoja. Tena kila mmoja ana mwenzake anayemwelewa kwa nusu neno, kwa hivyo haja ya kusema vizuri hupungua. Wengi hubuni maneno yao, na maneno hayo hupungua kadiri wanavyokua na kuchanganyika na watoto wengine. Hawamsengenyi mgeni. Ila mezani unaweza kuwawekea kanuni kwamba mbele ya watu tunasema lugha ambayo wote waliopo wanaielewa, na wewe na baba yao muifuate pia, hasa yaya akiwepo.

Opiyo akimjibia dada yake, usimgombeze. Mwambie, "Asante, Opiyo. Nimemuuliza Adongo, namngoja yeye." Kisha umngoje kweli. Utaona muda mrefu, uji utapoa, na utatamani kumsaidia. Ngoja bado. Na kama hata mkiwa wawili peke yenu, kimya, ukimwita kutoka nyuma yake haitikii, mpeleke akapimwe masikio. Watoto wa chini ya miaka mitano hupata sana maji nyuma ya ngoma ya sikio, na mara nyingine hayaumi, yanapunguza tu usikivu. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kliniki ya masikio, pua na koo, na hata daktari wa zahanati ya karibu anaweza kuanza kumtazama. Sisemi ndiyo shida yake. Nasema ni vyema kujua kabla ya kumhesabia kiburi.

Nataka tukae kidogo na kile kiatu.

Umekieleza vizuri mno hivi kwamba nimewaona. Watoto wawili wamechuchumaa, wanatazama kama kitavuja. Mama wa watu ameharibiwa kiatu, na hilo ni kosa lililohitaji kushughulikiwa. Lakini nia yao sidhani ilikuwa kumdharau mweka hazina. Katika umri huo maji na chombo ni shughuli nzito, na wao walikuwa wamekutana na chombo kipya. Ukauliza "nani?" Watoto wa miaka minne na mitano ndio kwanza wanagundua kwamba mtu mwingine anaweza asijue wanachokijua wao. Uongo wa mtoto huanza kuwa mjanja hapo. Swali la "nani?" kwa watoto wawili waliotenda pamoja, na wanaoona kandambili mkononi, haliwezi kuleta ukweli.

Ungeweza pia kuanza na kiatu chenyewe. "Kiatu cha nyanya kimejaa juisi. Tunafanya nini sasa?" Mmoja alete kitambaa, mwingine alete magazeti ya kujaza ndani ili yanyonye maji. Wote wawili wakibebe hadi kwa mwenyewe. Hapo mkosaji hata hahitaji kutajwa. Na wewe hukuniambia kiatu kiliishia wapi. Yule mama alirudije nyumbani? Watoto waliona kikioshwa? Nauliza kwa sababu inawezekana kitu wanachokumbuka kuhusu siku ile ni kandambili peke yake, na kiatu wamekisahau.

Kuhusu kuchapa, najua wengi wetu tumelelewa hivyo na hatuwachukii wazazi wetu. Siandiki kukutisha, ila unapaswa kujua kwamba Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu. Kuna pia Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Tukiiweka sheria kando, tazama somo ambalo kila mmoja alilipata siku ile. Opiyo alijifunza kwamba "pole" ni neno la kukomesha kichapo, na akalitoa upesi. Na Adongo?

Hapa ndipo nakuomba utulie. Umesoma kimya chake kama ukaidi. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba hakumwaga yeye. Mtoto asiyekosa akachapwa mbele ya watu wazima kadhaa, kisha akatakiwa aombe msamaha, ana njia chache sana za kusema "si mimi". Alikwisha kusema kwa mdomo na hakuaminiwa. Anaposhika mdomo kwa viganja viwili, pengine anakataa kusema jambo ambalo kwake si kweli. Kama ndivyo, huyo mtoto ana uaminifu mwingi, ingawa umejitokeza kwa sura inayoudhi. Mimi siijui kweli ya siku ile, nawe huijui.

Unaweza kukaa naye mkiwa wawili tu, bila kumuuliza nani alimwaga. Unaweza kumwambia, "Siku ile, kama niliadhibu mtu ambaye hakukosa, pole." Kisha usimdai jibu. Najua wapo watakaosema mzazi akimwomba mtoto msamaha atakaliwa kichwani. Naielewa hofu hiyo, ila mimi siishiriki. Neno "pole" kwake limekuwa neno la kulazimishwa. Akilisikia likitoka kwako kwa hiari, huenda likapata maana nyingine. Na kwa wakati huu, mpe njia nyingine za kutengeneza anapokosea, kama kufuta, kuokota, au kurudisha alichonyakua, bila kudai neno lenyewe.

Sasa nirudi kwa yaya. Uliandika kwamba sauti ya Opiyo ilikuwa ya mtu mzima. Ni sauti ya nani? Simtuhumu mtu, wala wewe, wala mume wako. Inaweza kuwa ya jirani au ya kwenye runinga. Lakini jioni mbili tatu hivi, sikiliza tu. Sikiliza namna chumvi inavyoagizwa, namna yaya anavyoitwa kutoka jikoni, kama kuna anayemwambia "asante" sahani inapoondolewa. Mkigundua kwamba "tafadhali" katika nyumba yenu hutumika kwenda juu tu, kwa wakubwa na wageni, Opiyo hataona kwa nini aitumie kwa msichana anayemfulia. Na yaya mwenyewe aambiwe waziwazi, watoto wakisikia, kwamba ana ruhusa ya kutotii "toa hii sahani" mpaka aombwe vizuri. Bila ruhusa hiyo kutoka kwako ataogopa.

Hapo kuna jambo lililonisumbua katika barua yako. Anayemwamuru yaya ni Opiyo. Anayewauliza wageni zawadi ni Opiyo. Lakini anayetakiwa kwenda Siaya akanyooke ni Adongo. Kwa nini yeye? Yumkini mama mkwe ana sababu nzuri, kwamba msichana atamsaidia nyumbani, au amemwona ni mpole na hatamsumbua. Yumkini pia katika familia nzima mvulana anayesema sana huonekana mchangamfu, na msichana anayenyamaza huonekana mkaidi. Waulizeni, kwa upole. Jibu litawaeleza mengi.

Kuhusu safari yenyewe, sitakuambia aende wala asiende. Nyumba ya nyanya ina neema ambazo fleti ya Donholm haina. Kuna uwanja, kuna binamu, kuna Dholuo, lugha ya baba yake, ambayo pengine hapa haipati, kuna kazi ndogondogo za kumpa mtoto fahari. Wakenya wengi wamelelewa na nyanya zao na wanawakumbuka kwa upendo. Shule si kikwazo, kwa kuwa PP1 na PP2 ziko kule kama zilivyo hapa. Yote hayo yana uzito.

Upande wa pili, Adongo atakuwa anaachana na mama na pacha wake siku ileile moja. Mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka minne ni sehemu kubwa sana ya maisha yake yote. Na kwa kuwa itakuja baada ya siku ya kiatu, ataelewa kwamba amefukuzwa kwa kosa ambalo huenda si lake. Opiyo naye atajifunza kitu, kwamba katika familia yao anayekosea huondolewa. Sidhani hilo ndilo mama mkwe analotaka kuwafunza.

Kati ya kwenda na kubaki kuna njia nyingine. Wote wawili wanaweza kwenda Siaya likizo ya Agosti, kisha warudi shule zikifunguliwa. Au nyanya aje akae nanyi kwa muda, aone hali kwa macho yake badala ya kuisikia kwa simu. Hatari ya hili la mwisho ni kwamba nyumba itakuwa na sauti tatu za kuadibu, na watoto hao watajua upesi sana sauti ipi ni laini. Mkilichagua, kubalianeni kwanza kanuni chache ambazo nyote mtazisimamia.

Pendekezo la mwalimu ni dogo zaidi na linaweza kugeuzwa likishindikana, kwa hivyo lichunguzeni. Muulize, je, siku ambayo Opiyo ameumwa na hakuja shule, Adongo huwaje? Akifunguka, mikondo tofauti yaweza kumfaa. Akikunja uso na kukataa kula, basi labda waanze na madawati tofauti muhula huu, mkondo mmoja bado, na Januari muamue mkiwa mmeona. Kuna pacha wanaochanua wakitenganishwa darasani, na kuna ambao yule mpole hunyamaza zaidi.

Na nyumbani, wapate nafasi ya kuwa nawe mmojammoja. Najua Nairobi. Ukifika kutoka kazini kupitia Outering Road tayari ni giza na unawakuta wamekwisha kula. Lakini Jumamosi unapokwenda kwa mama mboga, mwache mmoja na baba yake uende na mwingine. Adongo akiwa peke yake, mbele ya mtu anayemjua, akiwa na kikapu chake kidogo, anaweza kusema "habari" na kuomba nyanya za shilingi ishirini kwa mdomo wake mwenyewe. Wiki inayofuata iwe zamu ya Opiyo, naye ajifunze kungoja mteja aliyemtangulia ahudumiwe.

Yale mawazo ya usiku hayakufanyi mama mbaya. Umechoka. Kulea wawili wa umri mmoja ni kazi ya watu kadhaa, na wewe unaifanya ukitoka kazini, huku kila mtu akiwa na maoni kuhusu matokeo. Ila jitahidi kutenganisha mambo mawili. Je, Adongo ndiye anayehitaji Siaya, au wewe ndiye unayehitaji kupumzika? Kama ni mapumziko, yanaweza kupatikana bila mtoto kuhama. Kama mume wako ana dada hapa Nairobi, anaweza kuwachukua wikendi moja, au baba yao ashike jioni mbili za wiki kikamilifu, kuoga, chakula na kulala. Ukizidiwa na huna wa kumwambia, nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo na hata wazazi hupiga kuomba ushauri.

Mama mkwe usimkatalie wewe, kama mtaamua kukataa. Desturi za kule wazijua, sina haja ya kukufundisha. Neno hilo lina mwenyewe, naye ni mwanawe. Mume wako akisema "wataacha" anasema kweli kwa sehemu, kwa sababu mengi ya haya hupungua na umri, lakini hilo si jibu kwa mama anayejiandaa kuja kuchukua mtoto. Kaeni wawili kwanza. Muulize yeye mwenyewe angetaka nini kama mama yake asingekuwa na maoni. Kisha yeye ndiye apige simu.

Nawe upige yako, ya heshima, kwa jambo tofauti. Mama huyu amelea watoto saba wenye adabu, na wewe mwenyewe umekiri. Muulize alifanyaje. Yule aliyekuwa na aibu kati ya hao saba, na lazima alikuwepo, alimsaidiaje kusalimu wageni? Huenda ukapata kwake msaada ulio bora kuliko ule alioutoa kwanza, naye ataona kwamba humfungii mlango.

Mazungumzo hayo na mume wako yafanyeni mapema, kabla hamjakata tiketi ya basi, na yafanyeni watoto wakiwa wamelala. Adongo hasemi sana, lakini anasikia anapozungumziwa. Agosti ikipita niandikie. Nitapenda kujua mlifikia wapi, na hasa huyo binti anaendeleaje.

Shangazi